Taa Ambazo Bibi Alisema Ameziona

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, treni iko mbele yangu, na kichwa kimejaa ukungu.

Naandika hapa kwa sababu nikiongea maneno yanakwama. Wanaosoma ukurasa huu ni wachache na hakuna anayeniona uso. Afadhali.

Treni yenyewe ni ya kuchezea. Kaka yangu Kulwa, aliyeko machimboni Geita, aliiokota kwenye mnada wa vitu vya mitumba akanitumia kwa basi. Injini moja, mabehewa matatu, na reli zinazoungana kuwa duara. Umeme unapita kwenye reli, injini inauchukua kwa magurudumu yake, inatembea. Mabehewa yalikuwa yanakokotwa tu, ndani giza.

Bibi ndiye aliyeanzisha haya. Amekuja kutoka kijijini Songwa kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na uso wa mtu haujui mpaka mwenyewe aongee. Siku moja alipapasa behewa, kidole kikapita dirisha kwa dirisha, akasema, "Mume wangu, abiria wako unawasafirisha gizani? Weka taa. Taa bado naziona."

Ndiyo, ananiita mume wangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake wa kiume. Hata mbele ya rafiki zangu. Tuliache hilo.

Basi nikaanza kuweka taa. Nilikata vibati vyembamba vya shaba kutoka kwenye redio mbovu, nikavikunja ili viguse magurudumu ya behewa kwa nyuma, kimoja kila upande, kila kimoja na waya wake mpaka kwenye vitaa vya LED ndani, chini ya paa. Mara ya kwanza ikapiga shoti, kumbe vibati viwili vimegusana. Mara ya pili taa zikawaka treni ikienda mbele na kuzima ikirudi nyuma, nikaongeza diodi nne kila behewa ili umeme ufike kwenye taa kwa mwelekeo uleule. Maswali ya sakiti kwenye mtihani wa Fizikia nayajibu kwa Kiingereza bila shida. Lakini kwenye mtihani kibati hakitelezi.

Jumatano zikawaka, mabehewa yote matatu. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Tatizo moja tu: vibati vikisugua magurudumu vinalia. Kwiii, kwiii, nyumba nzima. Dada Doto, pacha wa Kulwa, akafoka kutoka jikoni, "Shija! Hiyo ni treni au kuna nguruwe anachinjwa?" Bibi hakuwepo. Alikuwa hospitali na Baba, na daktari akampangia upasuaji Jumatatu.

Jana ndiyo nilitaka kumwonyesha. Nikafunga mapazia, nikamketisha kwenye kigoda, nikawasha. Treni ikaondoka kimya kabisa. Na mabehewa meusi tii. Nikafungua mdomo niseme "subiri kidogo, Bibi", lakini yeye akaniwahi kwa makofi.

"Naziona! Zinang'aa, mume wangu. Wabeja!" akanishukuru kwa Kisukuma.

Taa zilikuwa zimezima.

Nilifanya nini? Nilisema "asante, Bibi", nikachomoa waya.

Wakati wa kula Bibi akamwambia Baba, "Baba Kulwa, kesho kutwa nipandishe gari nirudi Songwa. Huo upasuaji siutaki. Macho yangu yananitosha."

"Mama, daktari ameshapanga."

"Ampangie mwingine."

Baba akasukuma sahani. Mimi nikaangalia ugali wangu kama ndiyo nauona kwa mara ya kwanza. Mtu amesema anaona taa ambazo hazikuwaka, sasa anasema macho yanamtosha, na anayejua kwamba hayamtoshi ni mimi. Nikisema, nitakuwa nimemuumbua Bibi mbele ya mwanawe. Nisiposema, anapanda gari Jumapili. Nilinyamaza. Nimezoea.

Leo asubuhi nilikuwa na hakika Doto ndiye aliyeniharibia vibati, kwa sababu ya kelele. Nikaamua kutomsalimia kama adhabu. Hakugundua.

Nikang'oa magurudumu ya behewa la kwanza. Vidole vikateleza. Nikanusa.

Samli.

Kila gurudumu la mabehewa, kwa nyuma, limepakwa vizuri, na mafuta yameganda kati ya shaba na chuma. Injini haikuguswa, maana hailii. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele kwa vidole. Nikamuuliza, akajibu kwa furaha kabisa.

"Juzi ulipokuwa shule nilimwomba Doto aizungushe, nikaisikia inalia. Mkokoteni wa babu yako ukilia hivyo, ng'ombe wanachoka upesi. Nikapapasa penye chuma, nikapaka. Si imenyamaza?"

"Imenyamaza, Bibi."

Na mimi pia nikanyamaza. Nikarudi ndani. Sijui nimeumbwaje.

Nikafuta kila kitu kwa pamba na spiriti. Taa zikarudi, na kelele zikarudi nazo. Hapo nikawaza: mabehewa hayahitaji injini ili yawake, yanahitaji reli tu. Nikaiondoa injini. Mabehewa yakabaki yamesimama, yanawaka, bila mlio wowote. Nilitaka kujua kama Bibi anaona kweli au anasikiliza tu. Nikafunga mapazia, nikamwita, na nikajiapiza nisiseme kitu.

Alifika mlangoni akasimama.

"Nini kile kinachowaka pale chini?"

Kidole chake kilielekea palepale.

"Kama makaa ndani ya jivu," akasema. Halafu akakaa chini polepole, hata kigoda hakukitafuta. "Shija. Jana sikuona kitu."

Nikakaa karibu naye.

"Nilisikia treni inanipita, mbele yangu giza tupu. Nikasema basi, macho yameisha. Yakishaisha wapasue nini? Lakini ulikuwa umehangaika sana, nikapiga makofi."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama vile vibati. "Bibi, jana hazikuwaka. Ni samli. Samli inazuia umeme."

Nilidhani atalia. Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Doto akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. "Nimejipofusha mwenyewe kwa samli ya ng'ombe wangu!" Halafu akalitafuta sikio langu, akalipata, akalivuta.

"Na wewe uliona zimezima, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Mume gani huyu."

Nikamuuliza kuhusu Jumatatu. Kidole chake kikafuata mwanga wa dirisha moja. Akasema kisu kinamtisha, alikuwa amepata sababu nzuri ya kukikimbia, na mimi nimeiharibu. Kisha akanipa sharti. Nimweleze Baba mambo yote, kwa mdomo wangu, yeye akiwa amekaa pembeni na hasemi neno. "Wewe ukiweza hilo, mimi nitaweza Jumatatu."

Kwa hiyo niko hapa naandika badala ya kufanya mazoezi. Sijui nianzie wapi. Samli? Taa? Mimi kukaa kimya juu ya ugali? Mbona ni rahisi kuunganisha waya sita kuliko sentensi mbili?

Bibi yuko hapa sebuleni, ameniagiza nirudishe injini na kuiacha treni izunguke. Inalia vibaya sana. Doto amefunga mlango wa jikoni. Chupa ya samli Bibi ameikalia, asije akasahau akapaka tena.

Geti limelia nalo. Ni Baba.

Naacha kuandika. Naenda kuongea.