Mistari Uliyoiacha kwenye Faili la Ujenzi

Tonton Rajabu, mjomba wangu,

Hili sijamwambia mtu. Mama alipogawa nguo zako sadaka, nilikunja mashati yako bila kulia. Nililia Ijumaa, darasani, mbele ya kompyuta, nikifuta mistari uliyoiandika wewe.

Unazikumbuka mashine kuukuu za shuleni kwetu, ulizozifufua kwa mfumo uliouunda mwenyewe? Tangu uondoke ziliendelea kuganda kila tulipohifadhi kazi. Dawa yake ulikuwa umeshaiandika kabla hujalazwa, ila hukuwahi kuijenga, yaani kuigeuza programu inayoendeshwa. Direkta wa shule akachoka. Akasema Ijumaa baada ya swala mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na gari kutoka Zone Industrielle, kule viwandani. "Mutoto, hivi vitu vimekufa. Tuviache vipumuzike." Unanijua. Niliomba ufunguo wa darasa.

Kompyuta yako ya dukani, kule mtaa wa Asiatique, iliungua. Nikaweka nakala ya mistari uliyoniachia kwenye laptopu ya Mama, yenye kompaila mpya. Ikakataa. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, haikuyatambua machaguo uliyoipangia kwenye faili la ujenzi, lile lenye maelekezo yake. Mengine yalikuwa ya kompaila zilizoachwa kabla sijazaliwa. Dawa yako ilikwama nyuma ya maneno yako mwenyewe, Tonton.

Nikakumbuka vizibo vya soda mezani kwako. Kila skrubu ndani ya kizibo chake, na hakuna kizibo kilichomwagwa kabla mashine haijawaka. "We Zuhura, apana tupa! Iwake kwanza, ndiyo utajua gani ni takataka." Kwa hiyo sikufuta kitu. Niliweka alama mbele ya kila mstari uliopitwa na wakati, kompaila iuruke, nikajenga tena. Mfumo ukajengeka bila onyo hata moja. Nikajiona fundi.

Ijumaa, shuleni, nikauweka kwenye mashine ya kwanza: skrini nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Direkta alikuwa mlangoni, mikono nyuma, akitazama saa. Nje gari la vyuma chakavu lilikuwa limewahi kufika.

Nikapitia mistari yako. Nilikuwa nimelizima pia chaguo moja ambalo kompaila haikulilalamikia kabisa. Lilitaja prosesa ya zamani mno, nikalionea aibu. Kumbe ndilo lililoiambia kompaila izungumze lugha ambayo mashine zile zinaielewa. Lilikuwa la zamani kwa sababu mashine zenyewe ni za zamani.

Nikaondoa ile alama. Adhana ikaita nikiwa bado najenga. Direkta akaenda kuswali, nami nikabaki na ule mstari wa maendeleo unaotambaa kwenye skrini kuonyesha kazi imefika wapi, nikiomba umeme usikatike.

Aliporudi na yule mnunuzi, mashine ilikuwa imewaka. Nilihifadhi kazi mbele yao. Nikahifadhi tena. Haikuganda.

"Rudi na gari yako, papa," direkta akamwambia. "Hizi bado zinakula umeme."

Natamani ungemsikia.

Lala salama, Tonton. Sitaondoa tena kitu chako, wala cha mtu mwingine, kabla sijajua kazi yake. Hilo nakuahidi.

Walipotoka, niliifuta mistari iliyokufa, mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipolia. Lile chaguo moja nililiacha. Juu yake niliandika linafanya nini na ni nani aliyeliweka. Kisha nikajifuta uso kwa ushungi, nikahamia mashine iliyofuata.