Mstari wa Bluu na Neno "Bibi"

Mzee wangu Akonaay,

Shikamoo. Najua ungechelewa kuitikia, kama kawaida yako, mpaka uinue macho kwenye ramani na kusema, "Marahaba, Kulwa. Umenoa penseli?" Leo sijanoa kitu. Niko ofisini, kwenye meza yetu ya dirishani, saa nane mchana, na mvua inapiga bati hadi siwasikii wenzangu wa chumba cha pili. Naogopa, Mzee. Naanza na hilo nisije nikazunguka.

Miaka mitatu tangu ututoke hatujaona mvua ya namna hii. Korongo lilikuwa kavu, ng'ombe wanakatiza, watoto wanachezea mpira ndani yake. Mji umekua, ungeshangaa. Ile barabara pana ambayo watu walisema umewachorea uwanja wa ndege, siku hizi malori ya vitunguu swaumu yanapishana humo bila kugusana. Miti uliyoitengea nafasi imenifika kiunoni. Watu wanausifu mpango kabambe wetu kana kwamba ulijichora wenyewe.

Na kando ya korongo kuna safu tatu za nyumba.

Ulipolazwa uliniachia ramani ya karatasi niiingize kwenye kompyuta. Mbali kidogo na korongo ulikuwa umechora mstari wa penseli ya bluu, na pembeni yake neno moja tu: "bibi." Mistari yako mingine yote ilinyooka kwa rula. Huu ulipindapinda. Nilidhani umejiandikia ukumbusho, kwamba kuna bibi fulani wa kuonana naye kuhusu ua wake. Sikuuingiza. Ningeweza kukupigia simu hospitalini. Simu ilikuwa mkononi, Mzee! Lakini nilitaka utoke ukute kazi imekwisha, useme msichana wa Tabora ameweza peke yake. Hukutoka. Viwanja vikapimwa kwa ramani yangu.

Jumatatu mama, mke wako, aliniita nyumbani. Anahamia kwa binti yenu, kijiji cha Daudi, kwa hiyo alikuwa anagawa vitu vyako. Akanipa mabuti yako ya mvua na daftari lenye jalada jekundu. "Chukua, mwanangu, mimi haya mapicha siyaelewi." Nikalifungua palepale, kikombe cha chai mkononi. Umeandika: "Bibi wa korongoni, mzee kuliko wote hapa. Ametembea nami, amenionyesha kwa fimbo maji yalipofika alipokuwa msichana. Mstari wa bluu. Chini yake asijenge mtu." Chai ilinimwagikia mapajani. Mama akadhani nimekukumbuka, akanipigapiga mgongoni, pole mwanangu, pole. Nikaipokea pole isiyo yangu.

Kumbe mstari ulipinda kwa sababu ulifuata fimbo ya bibi.

Jana nilienda korongoni. Maji yamekuwa ya kahawia, na mawe yanagongana chini yake, unayasikia kabla hujayaona. Bikoni mbili za mipaka ya viwanja vya safu ya kwanza hazionekani tena. Mama Paskali anakaa hapo na wajukuu wake wawili. Matofali ya nyumba ile alifyatua mwenyewe. Alinivuta ndani, akanipa maziwa ya moto, akasema, "Wewe tunakuombea kila Jumapili, wewe uliyetupimia kiwanja." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikasema mvua hii ni nzuri kwa mahindi. Ndivyo nilivyosema, Mzee. Nikamaliza maziwa yake, nikaondoka.

Leo asubuhi nimemwonyesha mkubwa wetu daftari. Amesema tusubiri kikao cha Ijumaa, tusiwatie watu hofu. Na mimi nilifurahi. Nilishusha pumzi kabisa, kwa sababu naogopa kufukuzwa kazi, nisikudanganye, na naogopa uso wa Mama Paskali akishanijua. Lakini leo ni Jumatano. Tangu nianze barua hii mvua imezidi. Nawaza wale watoto na yale mawe.

Unakumbuka tulipokuwa tunapima upande wa Tumati, vidole vyangu vimekufa ganzi, ukaniuliza baada ya miaka ishirini nitakuwa wapi? Nikajibu, nakaribia kustaafu, nimerudi Tabora kwenye joto langu. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani yenye umande. "Ndiyo maana unachora haraka hivyo. Chora kama utakaa hapo wewe." Nilidhani ni utani, kama ule wa kunicheka kwa kuvaa makoti mawili kwenye baridi yenu.

Ningekuwa nakaa pale mimi, na wanangu wamelala ndani, ningeingoja Ijumaa?

Nimeitoa penseli yako ya bluu kwenye droo. Nimeinoa. Nimeurudisha mstari kwenye ramani, na neno lake pembeni. Sikutumia rula, nao umepinda kuliko wako. Nimempigia mwalimu mkuu wa shule ya juu kilimani, amekubali kuwafungulia watu wa korongoni madarasa mawili sasa hivi, hakuuliza maswali mengi.

Naanza na mlango wa Mama Paskali. Sitasema "ofisi ilikosea." Nitasema ni mimi, niliuona mstari nikauacha. Akinifukuza nitabaki uani hadi atoke na watoto. Kisha mlango unaofuata, na unaofuata, mpaka safu ya tatu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na Ijumaa nitairudia mbele ya kikao, wafanye nami watakavyo.

Bado naogopa. Nimevaa mabuti yako, yananipwaya.

Pumzika, Mzee wangu. Kwaheri. Leo sikusubiri uitikie.

Kulwa