Nilivuka Mpaka na Sufuria

Mama yangu,

Ninakuandikia kutoka Kampala, nimekaa juu ya magunia kwenye yadi ya malori. Najua ulipo barua haifiki. Lakini wewe ndiye wa kwanza niliyetaka kumwambia: jino limetoka, usaha umekwisha, mdomo wangu unafunguka.

Ugonjwa huu hukuuona, ulikuja baada ya kukuzika. Shavu lilivimba hadi jicho likafinyika, taya likajifunga. Nilikunywa uji kwa mrija, nikaongea meno yamebanana. Mgongo ulikuwa mzima, ila mtu asiyekula habebi magunia. Niliogopa kufa, sikufichi. Pale kwetu Kisangani, hospitalini walinitajia bei ya kung'oa jino, nikatoka bila kuwaaga. Patron wangu, yule mfanyabiashara wa Butembo ninayembebea mizigo, ndiye aliyesema, "Papa, hata na pesa ya njia, kule Kampala ni bei ndogo. Panda ku camion, utatusaidia kupakua."

Kabla ya kupanda lori lake nikafungasha kama ulivyonifundisha. Unakumbuka nilivyovunjika mguu utotoni? Ulihamia hospitali na sufuria, makaa, beseni na mkeka, ukalala chini ya kitanda changu. Muuguzi alipokufukuza ulimjibu, "Mutoto yangu hawezi kulala yeye moja." Kwangu mimi, hospitali ni hivyo. Basi nikaingia kwa daktari wa meno, nchi ya watu, sufuria mkononi, mkeka kwapani, na mchele ndani ya mfuko.

Muuguzi akanitazama. "Mzee, unahamia hapa?"

"Ni ya kupikia, mpaka nipone."

"Utatoka saa sita!"

Benchi zima likacheka. Nami ningecheka kama ningeweza. Mama mmoja aliyengoja zamu akaipokea sufuria, akaipakata hadi niliporudi. Sindano, koleo, maumivu madogo kuliko niliyoyabeba mwaka mzima. Saa sita haijafika nikawa nje, nusu ya uso imekufa ganzi, machozi yananitoka tu. Watoto nilikuwa nimewaaga kama mtu asiyerudi, Mama. Hata mke wangu sikumwambia hilo.

Leo ni siku ya nne ya kumeza dawa. Asubuhi nimekula wali na maharage, nikatafuna pande zote mbili. Halafu nikampigia mke wangu kwa simu ya dereva.

"Ni nani?"

"Ni miye, bwana yako."

"Wongo! Bwana yangu anaongeaka meno imefungwa. Weye ni nani?"

Nikamtajia watoto wetu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, mpaka wapakiaji wakageuka kunitazama. Kisha nikamsikia akiwaita watoto uani kwa kelele, "Mukuye! Mukuye musikie papa yenu!"

Kesho tunapakia, tunarudi nyumbani. Pumzika, Mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako.