Kiporo cha Sikukuu Mbili

Jumatano, 25 Desemba 1974

Krismasi! Na jana ilikuwa Idd. Sikukuu mbili zimefuatana mguu kwa mguu, tena katika mwaka huu ambao duka la kijiji lina unga wa njano tu, nao kwa foleni. Jana tulikula kwa jirani yangu Tatu. Leo yeye na mumewe Hassani wamekula kwangu. Mbuzi kachinja Hassani mwenyewe, kama kila mwaka, ili asiwepo jirani Mwislamu wa kukaa anatutazama tu.

Na mbuzi wangu! Watu wamesema hawajaona mafuta kama yale tangu mvua zikatike. Nikawaambia, nilimlisha kwa mkono. Si maneno, kweli nilimlisha kwa mkono.

Lakini sherehe yenyewe si mbuzi. Paskalina wangu, mwalimu, binti wa kwanza wa kijiji hiki kushika chaki, amekuja kuzaa kwa mama yake. Jumapili alfajiri. Wa kiume, kilo tatu na nusu! Paji la uso ni langu kabisa, hata nesi kasema.

Nesi kasema na jingine. Kaniita pembeni: mama, damu imemtoka nyingi sana huyu, bila nyama na supu kila siku hasimami. Nikamwuliza, kila siku? Kila siku.

Baba wa mtoto yuko Bulwa kwenye mashamba ya chai, hakupewa ruhusa. Maharage yalituishia mwezi wa kumi. Kwa hiyo leo, kabla wageni hawajanawa mikono, nimeficha mguu mmoja wa nyuma. Nimeupaka chumvi, nimeutundika juu ya meko. Huo ni wa Paskalina. Utamfikisha Mwaka Mpya.

Alhamisi, 26 Desemba

Joto. Joto la bondeni Mazinde limetupandia huku mlimani. Kanga inaganda mgongoni.

Asubuhi Tatu kaja na bakuli la nyama yake iliyobaki ya Idd, kalifunika kwa jani la mgomba. "Shikamoo, Mama Paskalina. Ninusie."

Safu yote hii ya nyumba inaninusisha mimi. Maziwa, samaki wakavu, samli. Mwaka juzi nilimzuia katibu kata asile samaki wa kopo, mbele ya wageni wake! Kopo lilimwagwa, kunguru waliomla samaki walikutwa chini wamekufa. Habari hiyo watu wanaihadithia hadi Shume.

Basi nimeinama. Nimefumba macho, nimevuta pumzi ndefu kama siku zote. Nikasema, nzuri hii, ichemshe tu vizuri. Kashukuru, kaenda zake.

Sikusikia kitu.

Niandike hapa, maana hakuna wa kumwambia. Tangu ile homa ya Oktoba pua yangu imekufa. Mafua yalipona, harufu hazikurudi. Kitunguu — kama maji. Mafuta ya taa — kama maji. Jumapili walinipa mjukuu mikononi, nikaweka pua utosini pake, pale mtoto mchanga anaponukia kuliko kitu chochote duniani. Hakuna. Ni kama nanusa ukuta. Nikalia. Wakadhani ni furaha.

Nyama ya Tatu niliigusa kwa kidole. Haikuteleza. Nadhani haikuteleza.

Ijumaa, 27 Desemba

Mkwe wangu Efrazia, mama wa mume wa Paskalina, kateremka kutoka Shume na lori la mbao kuja kumwona mjukuu. Kaleta kabichi tatu. Mzazi analetewa kabichi! Nimepokea kwa mikono miwili, nimeshukuru.

Kasema mtoto ana masikio ya ukoo wao. Nikasema masikio kweli, lakini paji la uso je? Kavuta ugoro wake, kapiga chafya. Hapo nilimshinda.

Kisha akautazama ule mguu juu ya meko. "Mkwe, kwetu baridi inatunza nyama wiki nzima. Huku ninyi mmejenga karibu na jua." Nikamjibu kuwa huku nyama inatunzwa na pua yangu, asihofu. Mdomo wangu huu!

Paskalina kapewa supu jana na leo, kainywa. Lakini mchana alisimama kwenda chooni, akashika ukuta, akateremka taratibu hadi chini. Midomo myeupe. Maziwa ni matone. Mtoto ananyonya, anaachia, anatazama tu.

Jumamosi, 28 Desemba

Kwa Tatu wanatapika. Hassani, na Zainabu, bintiye wa miaka minne. Tangu alfajiri.

Nimekwenda mbio. Mtoto kalala mkekani, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nimesema apelekwe kwa nesi. Nani wa kumbeba? Hassani kajikunja kama jongoo. Anasema ni huu unga wa njano, una mdudu wa ng'ambo. Jirani mmoja kasema labda ni nyama.

Tatu kaja juu mbele ya wote. "Nyama? Nyama hii kainusa Mama Paskalina!"

Kisha kanigeukia, kacheka kidogo kwa aibu. "Mimi Alhamisi nilisikia kama inachacha. Wewe uliposema nzuri nikajua pua yangu ndiyo ya kipumbavu."

Nilifungua mdomo. Sema, mwanamke. Sema sasa hivi! Nikasema, mpe maji, kidogo kidogo, kwa kijiko. Nikaondoka.

Nimerudi nimeteremsha mguu wangu kutoka juu ya meko. Nimeukata hadi kwenye mfupa, nimeutazama juani. Rangi — sijui. Huku nyekundu, huku kama kijani, au ni kivuli cha jani la mgomba? Paka kala kipande. Paka yule alikula sabuni mwezi jana, si shahidi. Nimekula kipande mimi mwenyewe, saa nne. Mpaka jioni tumbo limetulia. Lakini tumbo langu ni la chuma, nililelewa kwa bada, ugali mkavu wa muhogo, na mimi sikutokwa na damu.

Nikajitia mjanja. "Mkwe, ninyi watu wa Shume mnajua nyama, hebu nipe maoni yako." Efrazia kacheka hadi kikopo cha ugoro kikamponyoka. "Leo pua ya hapa inaomba msaada Shume?" Kanusa. Kapiga chafya. "Moshi," kasema. Kwa ugoro ule wa miaka thelathini angesikia nini kingine!

Nikampelekea Paskalina. Kageuza uso. "Mama, tangu nijifungue kila kitu kinaninukia damu. Hata sabuni. Wewe unaonaje? Wewe ukisema ni nzuri nakula."

Wewe ukisema!

Leo sikumpa supu. Nimempa uji wa unga wa njano na kabichi. Kanywa vijiko vitano. Hakuniuliza kwa nini. Jioni maziwa hayakutoka hata tone, mtoto kalia hadi sauti imekauka.

Nikimpa, huenda namuua. Nisipompa, namuua. Bibi Maria, mama mwenzangu, nifanyeje?

Jumapili, 29 Desemba

Nimetoka misa, nimekuta mguu wote uko ndani ya sufuria. Unachemka! Efrazia kasimama na mwiko. "Umemnyima mzazi supu siku nzima, unamwekea nani? Sikukuu ijayo?" Nikaenda kumtazama Paskalina.

Paskalina kaketi leo, kaegemea gunia. Mara ya kwanza kasema ana njaa. Nilivyoisubiri njaa hiyo! Kaja kuisema leo.

Efrazia anapakua, Tatu huyo mlangoni. Zainabu mgongoni, kichwa kimelala kama ua lililokosa maji, lakini hatapiki tena, kaomba mchuzi. Mkononi Tatu ana lile bakuli la Idd. Bado lina vipande. "Shikamoo, Mama Paskalina. Ninusie tena, nimchemshie mtoto."

Nilishika bakuli. Nilianza kuinama, mwili wenyewe umezoea. Nikaona mguu wa Zainabu unaning'inia ndani ya kanga, mwembamba.

Nikamrudishia. Nikasema, nusa wewe, Tatu. Yako, na hii ya kwangu iliyo motoni. Utakalosema ndilo.

Akacheka. "Mimi? Mbele yako?" Efrazia naye akacheka, akasema leo dunia imepinduka. Nikasema, nusa.

Akanusa lake. Akalisukuma mbali. Akaja kwenye sufuria, akainama juu ya mvuke, akanusa. Akainama tena. Kisha akainua kichwa, na hakutazama sufuria, alinitazama mimi. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote.

"Na ile ya Alhamisi," kasema polepole, "uliinusa?"

Nimesema nafuata chumvi. Niko chumbani, naandika nimesimama, daftari liko juu ya sanduku. Herufi zangu nzuri zimekuwa za mtoto wa darasa la kwanza. Jikoni nasikia mwiko umewekwa chini. Nasikia Zainabu anaomba mchuzi. Tatu hajasema neno kuhusu sufuria yangu, na hatalisema kabla sijamjibu, namjua.

Paskalina kaita mara mbili. Kwenye mlango namwona, bakuli la supu aliyopakuliwa na Efrazia liko mkononi mwake. Anauliza, mama, ninywe?