Sanda ya Pili

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi tu wazima, ila babu yako haoni tena.

Umeuliza kwa nini nnaikimbia miradi ya wafadhili. Ujanani mwangu hapa Jambiani, mradi mmoja ulitupa vigingi tupigilie pwani, tulime mwani. Wa pili ukaja kulinda nyasi za bahari, ukatutaka tuving'oe. Wote tuliwaitikia naam, maana kwetu mgeni habishiwi. Vigingi vilivyogoma kung'oka tulivikata, ncha zikabaki chini ya maji. Mdogo wangu Mwaka akakanyaga mojawapo, tukampoteza kwa pepopunda.

Msibani, maafisa wa kila mradi walileta sanda. Hapo ndipo walipojuana majina.

Sanda ya pili nnayo sandukuni. Siku yangu ikifika, msinunue nyengine.

Bibi yako