Taa ya Mchumba

Dada yangu mpendwa,

Huku sote tuko salama, isipokuwa kochi. Ngoja nikueleze.

Kazi yangu ya maabara unaijua: kifaa kidogo cha umeme hakiingii dukani kabla sijakimwagia maji, kukiangusha na kukichokoa kwa kidole cha chuma kilichoundwa kama cha mtoto mtundu. Mama husema ndiyo maana sipati mume, kila kitu nakitafutia kasoro.

Basi Jumapili yule muuza simu anayenichumbia alikuja kujitambulisha nyumbani, akaleta zawadi ya taa ndogo ya mezani. Nikaikwangua nembo ya ukaguzi kwa ukucha, ikabanduka: ya bandia. Nikasema isiwashwe. Baba akanikaripia mbele ya mgeni: "Umeme wenyewe kiduchu, hauui hata mbu! Maabara yako iache kazini." Akaichomeka mwenyewe, akaiweka juu ya kochi, tukaendelea kula.

Moshi ulipoanza kufuka, mchumba aliruka akazima swichi ya ukutani, kisha akamshika mama mkono na kumtoa nje. Kufika uani, tukamkuta baba ameshatangulia, sahani yake mkononi, anatafuna.

Kwa hiyo taa imefeli, mchumba amefaulu. Kuhusu baba, mama hakuniomba ushauri wa kitaalamu. Amefungasha nguo, anakuja kwako kesho. Mwandalie kitanda.

Anasema taa ile mwanga wake ulikuwa hafifu, lakini tangu aolewe hajawahi kuona vizuri kama siku ile.

Mdogo wako mwenye kasoro zake