Samli ya Bibi Kwenye Baridi

Uswidi, mwezi wa pili

Mama yangu,

Shikamoo. Na bibi mpe shikamoo yangu hata kama hana nguvu za kuitikia. Goti lako linaendeleaje? Huko nyumbani Itiryo mvua imeanza, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nitalia, wewe utaanza kunibembeleza, na sitasema ninalotaka kusema.

Kaka Chacha ameniambia yote. Kwamba bibi hali, halali, maumivu yanamtesa, na anasema hafi mpaka anipake samli kwenye paji la uso nikirudi, kama alivyonipaka siku ninaondoka. Jamani, bibi huyu!

Profesa wangu aliniahidi kwamba jaribio likiisha naenda nyumbani. Huku nalea vijidudu vya chembe moja moja, na kila chembe imefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Unaikumbuka samli mliyonifungia? Nikiiweka dirishani inakuwa ngumu kama sabuni, lakini mafuta ya alizeti hapohapo yanamiminika. Ndani kabisa, kusikoonekana kwa macho, mafuta ya samli mengi yamenyooka, yanabanana kama kuni zilizopangwa vizuri. Ya alizeti yamepinda, hayabanani. Basi kijidudu kikipoa polepole kinaongeza mafuta yaliyopinda, ngozi inabaki laini, inajikunja bila kupasuka. Kazi yangu ni kuvipoza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na kuangalia umbo lake linavyobadilika.

Chacha aliponipigia nikaingiwa na haraka. Nilivitoa kwenye joto nikavitumbukiza kwenye baridi kali siku hiyohiyo, najidanganya eti vitavumilia. Ngozi zikakakamaa, zikavuja. Vyote vimekufa, Mama. Mjinga mimi! Mwanao aliyesomea jambo hilohilo!

Sasa naanza upya, mpaka katikati ya mwaka. Nikiondoka kabla, ufadhili unakatika na kibali cha kuishi kinakwenda nao, miaka minne yote imepotea. Nimeomba, nimepiga magoti, chuoni wamesema pole tu. Nazunguka chumbani kama ndama aliyefungiwa. Nina hasira, tena aibu, na sina wa kumlaumu.

Leo asubuhi nimechimba samli ya bibi kwa kijiko. Nimeishika kiganjani mpaka ikalainika, nikajipaka mwenyewe. Harufu yake ni jikoni kwako kabisa. Nimekwenda kazini nayo usoni, mwenzangu mmoja akanipa kitambaa nijifute. Nimekataa.

Msalimie baba, mwambie ng'ombe asiwapeleke mbali na hilo jua. Msalimie Chacha na mkewe, na shangazi Ghati anayemwogesha bibi. Mkono huo unaomwogesha ulipaswa kuwa wangu.

Halafu Mama, ukishamaliza kusoma, kaa karibu na bibi umwambie taratibu, sikioni: Bhoke ameshapakwa. Asinisubiri.

Mwanao asiyeweza kutoka,
Bhoke